René Clair: Mtu aliyegeuza mchezo wa maneno kuwa filamu bila sauti

Mwanzoni mwa mwaka wa 1928, wakaaji wa Paris waliingia sinema kutazama jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza haliwezekani. Mchezo wa kuchekesha uliojulikana tangu miaka karibu 80 kwa maneno yake ya haraka na nyimbo zake ulikuwa umegeuzwa kuwa filamu ambayo hakuna mtu anayesikika akisema hata neno moja. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa kijana wa miaka 29, mwandishi wa habari wa zamani, aitwaye René Clair.

Filamu yenyewe inaitwa Un chapeau de paille d'Italie, yaani Kofia ya majani ya Italia. Ndiyo iliyompatia Clair jina, na hadi leo inahesabiwa kati ya filamu bora za vichekesho za wakati wa sinema bila sauti. Lakini safari yake haikuishia hapo. Alipita katika mabadiliko yote makubwa ya sinema ya karne ya 20: kuingia kwa sauti, vita, uhamisho, rangi, na hata kukataliwa na kizazi kipya cha watengeneza filamu.

Mtoto wa jirani ya soko

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa René Chomette. Alizaliwa Paris tarehe 11 Novemba 1898, katika mtaa wa Les Halles, lile soko kubwa lililokuwa likilisha mji mzima. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sabuni. Kaka yake Henri naye aliingia baadaye katika kazi ya sinema.

Kijana René alisoma katika shule zenye sifa mjini, kati yao Lycée Louis-le-Grand. Alipenda kuandika, na lengo lake halikuwa sinema. Wakati huo watu wengi waliosoma waliiona sinema kama burudani ya sokoni, kitu cha kuchekesha watoto na wafanyakazi siku ya mapumziko.

Vita ya kwanza ya dunia ilikatiza ujana wake. Mwaka wa 1917 alijitolea kuendesha gari la wagonjwa, akibeba majeruhi kutoka uwanja wa vita. Afya yake iliharibika na akaondolewa katika kazi hiyo. Aliyoyaona kule hayakumwacha, lakini katika filamu zake hakuyaonyesha waziwazi. Yeye alichagua kicheko, na karibu maisha yake yote alikifanyia kicheko kazi kwa makini kama fundi wa saa.

Kutoka gazeti hadi kamera

Baada ya vita alipata kazi katika gazeti la L'Intransigeant la Paris. Pamoja na habari, aliandika pia maneno ya nyimbo kwa ajili ya Damia, mwimbaji mwenye jina kubwa siku zile. Ni kupitia kwake kijana huyo aliingia katika studio za kampuni ya Gaumont mwaka wa 1920, si kama mwongozaji bali kama mwigizaji. Alicheza katika filamu ya mcheza dansi Loïe Fuller, kiisha katika filamu za mfululizo za Louis Feuillade.

Ndipo alipochukua jina la Clair. Kazi ya kuigiza haikumvutia sana, lakini ilimpa nafasi ya kutazama kwa karibu namna filamu inavyotengenezwa. Wakati huohuo aliandika makala juu ya sinema. Katika makala hizo alishikilia wazo moja: sinema haitakuwa sanaa kamili mpaka ijikomboe kutoka mikononi mwa teatre na vitabu. Kwake, picha inayotembea ndiyo ilikuwa lugha ya sinema, na mwendo ndio ulikuwa sarufi yake.

Filamu zake za kwanza zilifuata wazo hilo. Katika Paris qui dort, mwanasayansi mwenye kichaa anausimamisha mji mzima kwa mionzi yake, na wanaobaki macho ni wachache tu, kati yao mlinzi wa mnara wa Eiffel. Mwaka wa 1924 alitengeneza Entr'acte, filamu fupi iliyoonyeshwa katika onyesho la baleti Relâche kwenye Théâtre des Champs-Élysées, ikiambatana na muziki wa Erik Satie. Ndani yake kuna msafara wa mazishi ambapo gari la maiti linavutwa na ngamia. Gari hilo linaponyoka, na waombolezaji, wanaume wenye kofia ndefu na nguo nyeusi, wanaanza kulikimbilia barabarani.

Picha hiyo ya watu wenye heshima zao wanaolazimika kukimbia inafaa kukumbukwa. Miaka mitatu baadaye Clair aliirudia kwa namna nyingine, safari hii si kwa mazishi bali kwa arusi.

Lakini majaribio hayalipi kodi ya nyumba. Le Voyage imaginaire ya mwaka wa 1926 haikuleta watazamaji wa kutosha. Mwaka huohuo alioa, na mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume. Alihitaji kazi ya kudumu. Aliipata katika kampuni ya Albatros ya Montreuil, kando ya Paris, iliyoendeshwa na Alexandre Kamenka pamoja na Warusi wengine waliokimbia mapinduzi ya inchi yao. Ni kwa kampuni hiyo alitengeneza Un chapeau de paille d'Italie.

Farasi aliyekula kofia

Mchezo wenyewe ulikuwa mzee kuliko sinema. Uliandikwa na Eugène Labiche pamoja na Marc-Michel, na ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1851 katika teatre ya Palais-Royal. Ni wa aina iitwayo vaudeville: kichekesho cha mbio, chenye nyimbo fupi katikati ya mazungumzo, ambamo jambo dogo linazaa fujo kubwa.

Jambo dogo hapa ni kofia. Asubuhi ya siku ya arusi yake, Fadinard anapita porini na gari lake la farasi. Farasi anakula kofia ya majani iliyotundikwa kwenye mti. Kofia ni ya Anaïs, mwanamke aliyeolewa, ambaye wakati huo yuko nyuma ya miti na afisa wa jeshi. Mwanamke huyo hawezi kurudi kwa mume wake mwenye wivu bila kofia, kwa sababu mume atauliza ilikopotelea. Yeye na afisa wanamfuata Fadinard hadi nyumbani kwake na kukataa kutoka mpaka awaletee kofia inayofanana kabisa.

Basi bwana arusi anaanza kuzunguka Paris akitafuta kofia, huku msafara wote wa arusi ukimfuata kwa magari ya farasi: bibi arusi, baba mkwe mwenye hasira za karibu, mjomba kiziwi, na jamaa wa kila aina. Hawajui anatafuta nini. Wakifika kwenye duka la kofia wanadhani wamefika ofisini kwa meya. Wakiingia nyumba ya tajiri wanadhani ni mgahawa ambako karamu inawangojea. Kibaya zaidi, nyumba ambayo Fadinard anaingia mwishoni kuomba kofia ni ya mume yule yule mwenye wivu.

Nguvu ya mchezo huu haiko katika mafundisho wala katika tabia za watu. Iko katika mpango wake. Kila mlango unaofunguliwa unaleta mtu ambaye hakupaswa kuingia wakati huo. Kila uongo unaosemwa kwa kujiokoa unahitaji uongo mwingine baada ya dakika tano. Mtazamaji anajua yote, wahusika hawajui lolote, na pengo hilo ndilo linaloleta kicheko. Sehemu moja ikilegea, mashine nzima inasimama.

Maneno yanapogeuka vitu

Kwa mtu aliyekuwa akihubiri kwamba sinema ijitenge na teatre, kuchukua mchezo maarufu wa jukwaani kulikuwa hatari. Njia rahisi ilikuwa kuweka kamera mbele ya waigizaji na kujaza filamu kwa maandishi ya mazungumzo, kama wengine walivyofanya. Watazamaji wangesoma mchezo badala ya kuutazama.

Clair alifanya kinyume. Alijiuliza Labiche angefanya nini kama angekuwa na kamera badala ya jukwaa. Akaacha maneno karibu yote, akahifadhi mpango, na kwa kila mzaha wa mdomo akatafuta kitu kinachoonekana kwa macho. Maandishi kwenye filamu yake ni machache sana kwa filamu ya wakati ule.

Tofauti inaonekana tangu mwanzo. Jukwaani, Fadinard anaingia na kuwasimulia watazamaji yaliyotokea porini, maana farasi hawezi kuletwa teatreni kula kofia kila usiku. Katika filamu hakuna masimulizi. Tunaona pori, tunaona farasi, tunaona kofia, tunaona mdomo unaotafuna. Kazi ambayo ingehitaji hotuba ndefu imekwisha kwa muda mfupi.

Kiisha Clair akampa kila mgeni wa arusi tatizo lake dogo. Baba mkwe amevaa viatu vinavyombana. Bibi arusi amechomwa na pini iliyoingia ndani ya gauni. Mgeni mmoja amepotewa na glovu. Mjomba kiziwi ana pembe ya kusikilizia, lakini imezibwa na karatasi. Hayo si mapambo. Ni njia ya kumjulisha mtazamaji kila mtu bila kumtambulisha kwa maneno, na kila kitu kinarudi wakati wake kuleta fujo mpya.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa tai. Meya anatoa hotuba ya ndoa. Kati ya wageni, mwanamke mmoja anaona tai ya mume wake imelegea, anampa ishara airekebishe. Mume haelewi. Wanaume wengine wanaiona ishara, kila mmoja anadhani ni yeye, wanaanza kushika tai zao mmoja baada ya mwingine, mpaka meya mwenyewe anasimama katikati ya hotuba na kujigusa shingoni. Tukio hilo halina neno hata moja, lakini linasema mengi juu ya watu wanaoogopa kuonekana vibaya mbele ya wenzao.

Clair alibadilisha pia wakati wa hadithi. Badala ya 1851, alihamishia mambo yote mwaka wa 1895, mwaka ambao ndugu Lumière walionyesha filamu zao mbele ya watu waliolipa, huko Paris mwezi wa Disemba. Mapambo yaliyobuniwa na Lazare Meerson, nguo, sharubu na namna ya kupanga watu mbele ya kamera vilikumbusha filamu za zamani kabisa. Hivyo alicheka jamii ya wenye mali ya wakati wa wazazi wake, na papo hapo akaisalimu sinema katika utoto wake.

Teatre yenyewe nayo ilipata sehemu yake ya mzaha. Fadinard anapomsimulia mume mwenye wivu kisa cha kofia bila kujua anazungumza na nani, Clair anakionyesha kisa hicho kama mchezo mbaya wa jukwaani, wenye miti ya kuchorwa na waigizaji wanaozidisha ishara. Alikuwa amechukua kazi ya teatre, akaonyesha ndani yake tofauti kati ya jukwaa na sinema.

Albert Préjean ndiye aliyecheza Fadinard, na Olga Tschechowa akacheza mwanamke wa kofia. Wachambuzi waliipokea filamu vizuri, na sifa za Clair zikavuka mipaka ya Ufaransa. Mwaka huohuo alirudi kwa Labiche na kutengeneza Les Deux Timides, ambamo wanasheria wawili wanabishana mahakamani na kila mmoja anaeleza tukio moja kwa namna yake, nasi tunaona picha ikibadilika kufuatana na maneno yao.

Mchezo wa Labiche uliendelea kuvutia wengine baada yake. Mwaka wa 1936 Orson Welles aliuonyesha jukwaani huko Marekani kwa jina la Horse Eats Hat. Mtunzi wa muziki Nino Rota wa Italia aliugeuza kuwa opera iliyoonyeshwa Palermo mwaka wa 1955. Lakini kwa upande wa sinema, kazi ya Clair ndiyo iliyobaki kipimo.

Sauti inaingia

Clair alipofikia kilele cha sinema bila sauti, sinema yenyewe iligeuka. Kutoka Marekani zilikuja filamu zinazosema. Mwaka wa 1929 alikwenda London kuzitazama. Hofu yake ilikuwa kwamba maneno yangerudisha sinema jukwaani, na picha ingekuwa mtumishi wa mazungumzo.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Miaka iliyofuata, studio za Ufaransa zilikimbilia michezo ya teatre kwa sababu ilikuwa na mazungumzo tayari. Mwaka wa 1931 Jean Renoir alitengeneza kwa siku chache tu On purge bébé, mchezo wa Georges Feydeau, bwana mwingine wa vichekesho vya Ufaransa. Renoir aliacha maneno ya Feydeau yaendeshe filamu, na waigizaji wenye nguvu kama Michel Simon waliyabeba.

Clair alifuata njia tofauti. Katika Sous les toits de Paris ya mwaka wa 1930, sauti zinakuja na kuondoka. Watu wanazungumza nyuma ya kioo bila kusikika, wimbo unapita kutoka dirisha moja hadi lingine, ugomvi wa usiku unafunikwa na kelele ya treni. Aliitumia sauti pale tu ilipoongeza kitu ambacho picha haikuwa nacho.

Mwaka wa 1931 ulikuja mtihani mwingine. Aliuchukua mchezo Le Million wa Georges Berr na Marcel Guillemaud, kichekesho cha jukwaani kuhusu tiketi ya bahati nasibu. Mchoraji maskini mwenye madeni anasikia ameshinda mamilioni, lakini tiketi iko katika mfuko wa koti, na koti limetolewa kwa mwizi aliyekuwa akikimbia polisi. Kutoka kwa mwizi linafika kwa mwimbaji wa opera, na kila mtu anaanza kulikimbiza.

Tena ni kitu kidogo kinachowakimbiza watu, kama kofia. Lakini safari hii Clair alikuwa na sauti mkononi. Badala ya kujaza filamu kwa mazungumzo, aliwafanya wahusika waimbe. Wadai, majirani na polisi wanaungana katika kwaya. Watu wanapogombania koti katika opera, tunasikia filimbi na makelele ya uwanja wa rugby, na koti linarushwa kama mpira. Katika tukio lingine, waimbaji wawili wanene wanaochukiana wanaimba wimbo wa mapenzi mbele ya watazamaji, huku nyuma ya mapambo wapenzi wa kweli waliogombana wanapatana bila kusema lolote.

Hivyo mchezo wa maneno ulitoka tena ukiwa kitu kingine, na roho yake ikabaki. Mwaka huohuo ilitoka À nous la liberté, kicheko juu ya viwanda vinavyomgeuza mtu kuwa mashine. Charlie Chaplin alipotoa Modern Times mwaka wa 1936, kampuni ya Tobis iliyotengeneza filamu ya Clair ilimshitaki kwa kuiga. Clair alikataa kuunga mkono mashitaka hayo. Alimheshimu Chaplin kama mwalimu wake, na aliona kwamba kama Chaplin alichukua chochote kwake, hiyo ilikuwa heshima.

Miaka ya uhamisho

Mwaka wa 1934 filamu yake Le Dernier Milliardaire ilishindwa. Clair akahamia Uingereza, ambako alitengeneza The Ghost Goes West mwaka wa 1935 kwa mtayarishaji Alexander Korda. Ni hadithi ya tajiri wa Marekani anayenunua ngome ya Scotland pamoja na mzimu wake. Alirudi Ufaransa, akaanza filamu juu ya watoto mwaka wa 1939, lakini vita ikalipuka na kazi ikaachwa katikati.

Mwaka wa 1940, Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani, Clair na familia yake walikwenda Marekani. Serikali ya Vichy ilimnyang'anya uraia wake, uamuzi ambao baadaye ulifutwa. Kaka yake Henri alikufa Morocco mwaka wa 1941. Mtu aliyekuwa amejenga Paris nzima katika studio hakuwa tena na haki ya kuitwa raia wa inchi yake.

Huko Hollywood alifanya kazi kwa lugha ambayo haikuwa yake na chini ya wakubwa waliopenda kuamua kila kitu. Hata hivyo aliacha filamu zinazotazamwa hadi leo. I Married a Witch ya mwaka wa 1942 ni hadithi ya mchawi anayerudi kulipiza kisasi na kuishia katika mapenzi. It Happened Tomorrow ya mwaka wa 1944 inaeleza juu ya mwandishi wa gazeti anayepokea habari za kesho. Mwaka wa 1945 ilifuata And Then There Were None, kutoka kwa Agatha Christie.

Vita ilipokwisha alirudi Ufaransa. Filamu yake ya kwanza ya kurudi, Le Silence est d'or ya mwaka wa 1947, ilikuwa juu ya watengeneza filamu wa mwanzo wa karne, wale wa mapambo ya kuchorwa na kamera ya kuzungusha kwa mkono. Maurice Chevalier ndiye aliyeshika nafasi kuu. Ni wazi Clair alikuwa anarudi nyumbani kwa njia mbili: Paris, na sinema ya utoto wake, ile aliyoisalimu tayari katika Kofia ya majani.

Kiti cha wasomi na lawama za vijana

Miaka ya 1950 ilimletea filamu nyingine zenye jina: La Beauté du diable, Les Belles de nuit, Les Grandes Manœuvres ambayo ilikuwa yake ya kwanza kwa rangi, na Porte des Lilas ambamo mwimbaji Georges Brassens aliigiza.

Mwezi wa Juni 1960 alichaguliwa kuingia Académie française, baraza linalolinda lugha ya Kifaransa. Marcel Pagnol na Jean Cocteau, ambao nao walitengeneza filamu, walimtangulia, lakini hao walijulikana kwanza kama waandishi. Clair aliingia kwa sababu ya sinema. Labiche mwenyewe alikuwa ameingia baraza hilo mwaka wa 1880, na wakati ule wapo walioshangaa kuona mwandishi wa vichekesho akikaa kati ya wasomi. Miaka 80 baadaye, aliyemgeuza kuwa picha alikaa katika jumba lilelile.

Lakini heshima hiyo ilikuja wakati mbaya. Vijana wa Nouvelle Vague walikuwa wanatoka na kamera nyepesi barabarani, wakipiga picha za Paris ya kweli, yenye magari na watu wanaopita. Kwao, Paris ya Clair iliyojengwa kwa mbao na rangi ndani ya studio ilikuwa ya babu. Kazi iliyopangwa neno kwa neno kwenye karatasi kabla ya kamera kuanza kuzunguka waliiona baridi. Mtu aliyekuwa kijana mkaidi wa mwaka wa 1924 alijikuta upande wa wazee.

Filamu yake ya mwisho, Les Fêtes galantes, ilitoka mwaka wa 1965 na haikufaulu sana. Baada ya hapo aliandika zaidi kuliko kutengeneza filamu. Alikufa tarehe 15 Machi 1981 huko Neuilly-sur-Seine, kando ya Paris, akiwa na miaka 82. Mwaka wa 1994 Académie française ilianzisha tuzo yenye jina lake kwa ajili ya watengeneza filamu.

Alichowaachia wengine

Kila mtu anayechukua mchezo wa jukwaani na kutaka kuupeleka kwenye filamu anakutana na swali alilokutana nalo Clair: ni nini kinachopaswa kubaki? Wengi hujibu kwamba ni maneno, kwa sababu maneno ndiyo yanayoonekana kwenye kitabu. Wanayahifadhi yote, na mara nyingi wanapata filamu ya watu wanaosimama na kuzungumza.

Jibu la Clair lilikuwa lingine. Aliona kwamba maneno ya Labiche yalikuwa nguo tu, na chini yake kulikuwa na mwili: kofia moja, uongo mmoja, siku moja isiyotosha, na watu wanaoogopa aibu kuliko kitu chochote. Alivua nguo, akaulinda mwili, kiisha akauvisha nguo mpya zilizoshonwa kwa picha. Aliacha karibu kila sentensi ya mwandishi, na bado mtazamaji anayeufahamu mchezo anautambua tangu farasi anapofungua mdomo.

Katika hadithi, kofia inayotafutwa Paris nzima ilikuwa karibu tangu asubuhi. Mjomba kiziwi ndiye aliyeileta, ndani ya sanduku la zawadi ya arusi, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kueleza.

Filamu ina karibu miaka 100 sasa. Bado inaonyeshwa, mara nyingine na mpiga piano ukumbini kama zamani, na watu bado wanacheka meya anapojigusa shingoni kutafuta tai yake.